Mama, Sinia na Safari ya Mombasa

Siku kaka yangu alipokubali Mama apande meli, nilikimbia kutoka barabarani hadi uani kwetu Madungu na kiatu kimoja mkononi, ukanda umekatika, wala sikujali nani ananitazama. Mtu mzima mimi, mwenye mume na watoto, natimua vumbi mchana kweupe. Mama alikuwa anapepeta choroko. Nikamwambia kaka kakubali, akauweka ungo chini, akajifuta mikono kwa kanga, akaniuliza tena kama nina hakika au nimesikia ninalotaka kusikia. Nilipoapa, akaingia chumbani kuswali rakaa mbili za shukrani. Mimi nikabaki uani nacheka peke yangu.

Safari ilikuwa ya Mombasa, kwa mdogo wake, nduguye pekee wa tumbo moja. Mama mdogo aliondoka Pemba na mumewe baada ya Mapinduzi, wakati watu wengi walipoondoka kila mmoja na lake, na tangu hapo hawakuonana. Zilikuja salamu kwa midomo ya wasafiri. Ukaja mtandio, ikaja picha ya harusi ya binti yake, imekunjika pembeni. Watoto wakazaliwa huko, wakakua, wakaoa, na Mama akawa anawajua kwa majina tu. Basi miaka ya themanini ikielekea ukingoni, meli moja ya abiria na mizigo ikaanza kupita kwetu: Wesha, Wete, Tanga, mpaka Mombasa. Habari ilipofika Madungu, Mama alisema atakwenda kumwona mdogo wake kabla mmoja wao hajaitwa na Mola wake. Hakusema kwa huzuni. Alisema kama mtu anayekwenda sokoni kununua ndimu.

Kikwazo kilikuwa sukari. Mama alikuwa na kisukari, na kaka yangu, mwanawe wa kwanza, alikuwa tabibu huko Wete, mkali kuliko maradhi yenyewe. Alimkataza Mama chai ya sukari, halua, tende, na wali wa kushindilia. Na alikuwa na sababu. Mama aliwahi kwenda harusini Kiuyu, akarudi midomo imekauka na macho hayaoni vizuri, akalazwa. Tangu siku ile kaka alipiga marufuku safari zote za kulala nje. Mgonjwa wa kisukari, alikuwa akisema, nyumbani anakula kwa kipimo, lakini ugenini anakula kwa haya, na haya haina kipimo.

Kwa hiyo alipokubali safari ya Mombasa, alikubali kwa masharti. La kwanza, niende naye mimi. La pili, nimpikie chakula chake mwenyewe cha njia nzima, na asile cha mtu. La tatu ndilo lililoninyima usingizi: meli ikifika Wete kupakia mizigo, yeye atapanda na karatasi zake za kupimia. Karatasi ikichovywa kwenye mkojo ikabaki buluu, Mama anaendelea na safari. Ikigeuka rangi ya matofali ya kuchoma, anashuka palepale, anarudi Madungu kwa gari, na habari ya meli isitajwe tena katika nyumba yetu. Mama aliyasikia yote haya akasema inshallah, kwa sauti ya mtu ambaye keshafika Mombasa na anakunywa kahawa.

Mimi masharti hayakunipunguzia furaha hata kidogo. Kwanza, sijawahi kupanda meli. Pili, kupika ndiyo kazi ninayoiweza nikiwa nimefumba macho. Nilikwenda sokoni Chake alfajiri, nikagombania changu wakubwa wawili na mwanamke mmoja mpaka muuza samaki akatuambia tugawane, na mimi nikakataa kugawana. Nikawachoma kwa ndimu na pilipili manga, bila nazi. Nikapika choroko nzito. Nikachoma mikate ya mtama kwenye kikaango cha udongo, nikachemsha mayai, nikakaanga mchicha na vitunguu kwa mafuta ya kijiko tu. Nikakata matango. Chai nikaitia iliki, mdalasini na tangawizi mpaka mtu asikumbuke kuulizia sukari. Cha mchana nikakipanga kwenye bakuli kubwa la bati lenye kifuniko, cha jioni kwenye bakuli dogo, na cha kesho yake kile kikavu nikakifunga kwenye kitambaa. Niliitazama kazi yangu nikajisifu kwa sauti, kwa kuwa hapakuwa na mwengine wa kunisifu saa zile.

Kisha majirani wakaanza kuja. Kwetu msafiri haondoki mikono mitupu, na mwenye jamaa ng'ambo ndiye kabisa. Huyu kaleta vileja vya kumpelekea Mama mdogo, yule visheti vilivyovingirishwa kwenye sukari mpaka vimekuwa vyeupe, mwengine halua ya Wete kwenye kikapu chake cha ukindu, bado ya moto. Bi mmoja wa nyumba ya nyuma kaleta mkate wa kumimina mzima, akasema nusu wa Mombasa na nusu wa njiani. Nilipokea, nikashukuru, nikaombea kheri. Walipotoka nikatia vyote kwenye kapu moja, nikachukua sindano ya kushonea magunia, nikaushona mdomo wa kapu kwa kamba ya katani, mishono ya karibukaribu. Mama alinitazama akasema nimeshona kama ninamzika mtu baharini. Nikamwambia ndiyo, nawazika visheti.

Wesha tulifika mapema mno, mimi ndiye niliyeharakisha. Meli ilikuwa imekaa pale imechoka, rangi imebanduka, kamba zinanuka, nami niliiona nzuri kuliko kitu chochote kilichopata kuelea. Ikabidi kungoja maji yajae. Tulingoja mpaka jua likawa kali, magunia ya karafuu yanapanda, mbuzi wanapandishwa kwa kuburutwa, watu wanaagana, wanasahau kitu, wanarudi, wanaagana upya. Mama alitulia juu ya mzigo wake na buibui lake jipya, kila anayepita anampa shikamoo na yeye anaitikia kwa kuuliza habari za nyumba nzima. Alikuwa amekunywa kidonge chake asubuhi na chai na kipande cha mkate wa mtama. Nilikuwa na hesabu yangu: mchana atakula bakuli kubwa, Wete tutafika alasiri, kaka atapima, karatasi itabaki buluu kama bahari yenyewe, basi. Nani angenishinda?

Meli ilipong'oka nilipiga kelele kama msichana. Tulikaa kwenye sitaha, upande wa wanawake, juu ya mikeka, na upepo ulikuwa ule wa kuondoa mtandio kichwani na fikra mbaya moyoni. Mama alinionyesha visiwa vidogovidogo tunavyovipita, akinitajia kipi kina maji matamu na kipi wanakaa popo. Sikujua kama anajua. Aliniambia walipokuwa wadogo, yeye na nduguye, baba yao aliwahi kuwachukua mpaka huko kuokota kombe. Alisema atamkumbusha. Alikuwa anapanga mambo ya kumkumbusha, moja baada ya jingine, na kila moja lilimchekesha kabla hajalimaliza.

Tukaswali adhuhuri kwa kupokezana. Tulipotoa salamu, wanawake wakaanza kufungua masurufu.

Hapa inabidi nieleze, kwa asiyekuwa wa kwetu. Watu wakikaa pamoja na chakula kipo, hakuna changu na chako. Mama mmoja mnene wa Kiuyu, anayekwenda Tanga kwa mkwe wake, alitandika sinia la shaba pana, akamimina wali wa nazi unaotoa moshi kutoka kwenye hotipoti, akaupamba kwa pweza wa nazi. Huyu akaongeza ndizi mbichi, yule samaki wa kukaanga, mwengine mihogo. Likawa sinia la kuoa nalo. Wakasema karibuni, nasi tulikuwa ndani ya duara hilohilo, magoti yanagusana. Nikatoa bakuli langu, nikaliweka mbele ya Mama, nikasema kwa adabu yote niliyonayo kwamba tunashukuru, Bi Mkubwa ana chakula chake.

Sisemi walikasirika. Waliangalia kando, na hiyo kwetu ni mbaya zaidi. Mtu akila chake pembeni ya watu wanaokula, anasema moja kati ya mawili: mikono yenu si safi, au naogopa mlichotia ndani. Na sisi watu wa Pemba hilo la pili, la uchawi, tunasingiziwa sana huko nje, kwa hiyo hapa ndani tunaliogopa kuliko papa. Mama wa Kiuyu alifuta ukingo wa sinia ambao haukuwa na kitu. Nikahisi Mama ananifinya paja, kufinya kule kwa zamani, kwa ukucha. Kisha akachukua bakuli langu, akafungua kifuniko, akasema Bismillahi, akalimimina lote ndani ya sinia la watu.

Choroko zangu zilikwenda zikaingia chini ya pweza. Changu wangu wa ndimu, niliyemgombania, akatua mbele ya msichana aliyekaa kulia, naye hakungoja. Mama wa Kiuyu alionja mkate wa mtama akausifu, akauliza nani kauchoma. Nilitaka kulia. Nilikuwa na hasira mpaka masikio yananguruma, na nikiwa na hasira mimi huwa nakula, basi nikala.

Lakini macho yangu yalikuwa kwenye mkono wa Mama. Yeye alikuwa mkubwa kupita wote pale, na mkubwa wa sinia ana kazi yake. Yeye ndiye anayeanza, na yeye akiinua mkono, wadogo wote wanaona haya kuendelea, wanainua wakiwa na njaa. Kwa hiyo mkubwa mwenye adabu hainui mkono mpaka aone watu wameridhika. Hivyo ndivyo Mama alivyopata maradhi Kiuyu, alikaa mbele ya sinia la harusi na wageni wa mwisho walikuwa wanakula taratibu. Na nyumbani kwetu tangu udogo wetu ilikuwa hivyohivyo, mkono wake wa mwisho kutoka. Marehemu baba alikuwa akimtania kwamba amemwoa mwanamke asiyeshiba.

Basi pale melini mkono wa Mama ulikuwa unakwenda. Unashuka kwenye wali, unafinya, unapanda. Unashuka, unafinya, unapanda. Nilimnong'oneza kwamba Wete iko karibu. Akaniambia nile. Nikamwambia kaka ana karatasi. Akaniambia nipunguze maneno, nimpe yule mama upande wa pweza. Msichana wa kulia alishiba, akaongeza, akashiba tena, na mkono wa Mama bado uko ndani ya sinia. Mama wa Kiuyu akapata kipande kizuri cha samaki mbele yake, wala hakujua kimefikaje. Hatimaye watu wote wakaegemea nyuma, sinia likabaki na mifupa, na hapo ndipo Mama alipoinua mkono na kusema alhamdulillah. Mimi moyoni nilishaanza kufunga mizigo ya kurudi Madungu.

Njia iliyobaki nilikaa nimenuna. Wanawake walikuwa wamekuwa ndugu zetu. Walimuuliza Mama anakwenda kwa nani, na alipowaambia, mmoja alianza kutoa machozi, akasema na yeye ana shangazi alikokwenda hajui. Mama wa Kiuyu akasema apelekewe salamu huyo mdogo wake, ingawa hamjui, aambiwe ni salamu za Pemba. Mama alifurahi mno. Baadaye akanyamaza. Akawa anajifuta jasho la mdomo wa juu kwa ncha ya mtandio, na mimi nikasema moyoni, aha, sasa unaanza kuogopa karatasi. Sikumpa pole. Nilimpa chai yangu isiyo na sukari, akashika kikombe kwa mikono miwili.

Wete kaka alikuwa gatini, nilimwona kwa mbali kwa shati lake jeupe na namna anavyosimama, kama mtu aliyekuja kukamata mwizi. Alipanda kabla ya wachukuzi. Akambusu Mama mkono, akanisalimu mimi kwa kidevu, akatoa kichupa mfukoni kilichofungwa kwenye karatasi ya gazeti. Mama akaenda chooni nacho, kinakwenda na kurudi chini ya buibui kwa heshima yote, na mama wa Kiuyu, aliyekwisha kufahamu, akawageuza wanawake wenzake watazame baharini.

Sikuweza kutazama. Nilitazama mbuzi. Kaka alichovya karatasi, akaitikisa, akaishika kwenye mwanga, akangoja. Nilimwomba Mungu kwa majina yote ninayoyajua. Kisha nikasikia anasema, taratibu, "Buluu."

Nilimpokonya. Ilikuwa buluu kweli, buluu tupu, bila hata ukijani wa kukutia wasiwasi. Nikapiga kigelegele, mama wa Kiuyu akakipokea bila kujua zaidi ya nusu ya habari, wakadakia wengine, sitaha nzima ikawa harusi. Mabaharia walichungulia juu. Nilimkumbatia Mama, nikamwambia Mombasa hiyo, Mama, Mombasa. Na hapo ndipo nilipohisi kwamba ametota, mgongo mzima, na kwamba anatetemeka.

Kaka alikuwa hacheki. Alikuwa amemshika Mama kiganja, anakigeuza juu na chini. Akamuuliza amekula nini leo. Mama akasema kala, amwulize mwanawe aliyekuwepo. Mimi, kwa haraka ya furaha, nikasema kala kupita sote, wali wa nazi na pweza na vyote, mkono haukutoka siniani. Nikajiona nimejikaanga mwenyewe, lakini neno limeshatoka. Kaka akanitazama mimi, akatazama karatasi, akamtazama Mama.

"Aliyekula wali wa nazi mchana," akasema, "haniletei buluu kama hino."

Kisha akageuka akamwita baharia, akaagiza chai kutoka jikoni. Chai ya sukari, akasema. Sukari nyingi. Nilidhani amerukwa na akili. Huyu ndiye aliyetufanya tufiche kopo la sukari nyumbani nyuma ya mapipa. Chai ilipokuja alimnywesha Mama kwa mkono wake, funda kwa funda, akaniambia bila kunitazama kwamba kidonge kinashusha sukari, na kikikuta tumbo tupu kinaishusha mpaka mtu anaondoka nayo. Mgonjwa wa kisukari anauliwa na kula vibaya, na anauliwa na kutokula, na hilo la pili ni la upesi. Nikakaa chini.

Rangi ilipomrudi Mama usoni, kaka akamuuliza tena. Safari hii hakuuliza kama tabibu.

"Sijatia kitu kinywani," Mama akasema. "N'liogopa karatasi yako. Mie ntaka kumwona mdogo wangu."

Nikasema nimeuona mkono wake. Nilisema kwa ukali, kama ananifanya mwongo mbele ya watu. Mama akatabasamu kidogo, akanyoosha mkono juu ya mkeka, akatuonyesha. Vidole vilishuka, vikafinya hewa, vikabana, vikapanda mpaka mdomoni, na njiani, chini ya ukingo wa mtandio, kidole gumba kikalegea, na tonge likawa limerudi upande wa jirani. Vikashuka tena. Alifanya mara kadhaa, na hata nilipojua, sikuweza kuona tonge linapoangukia. Mdomo ulitafuna. Koo lilimeza. Mtu angeapa.

"Kule Kiuyu n'likula kweli, ikan'toka puani," akasema. "Leo nikasema, nirudie mkono wangu wa zamani."

Kaka akamuuliza, wa zamani wa lini.

Mama hakuona kama ni swali kubwa. Alisema kama anavyokutajia bei ya kitu. Ni ile miaka ya foleni, akasema, unga wa kupimiwa, na siku nyengine unafika mbele unaambiwa umekwisha. Baba yetu yuko kazini Unguja. Sisi tulikuwa wengi na sahani moja, na kaka, kwa kuwa ni mkubwa, alikuwa ameshaanza kufahamu. Alikuwa anamtazama yeye Mama. Akiona Mama hali, na yeye hali, na wadogo wakimwona kaka yao hali, wote wanainua mikono, chakula kinabaki na watoto wana njaa.

"Ningeinua mkono, nyie mngeinua," akasema. "Basi sikuuinua."

Kelele za meli ziliendelea. Walikuwa wanateremsha mbuzi waliopanda Wesha na kupandisha mbuzi wengine, na sikujua faida ya kubadilishana huko. Kaka alikuwa amepiga magoti juu ya mkeka na shati lake jeupe, hajafuta chai iliyomwagikia mkononi. Mtu mzima, tabibu, watu wa Wete wanampisha njiani. Alikuwa anautazama ule mkono wa Mama. Nami nilikuwa natafuta kichwani sahani ya udongo yenye mstari wa kijani, na sisi tumeizunguka, na mkono mmoja mkubwa kuliko yetu unashuka na kupanda, na mimi nimeridhika, maana Mama anakula.

Nilijua kaka anachoweza kusema. Angeweza kusema huyu hasafiri tena, mtu anayecheza na roho yake hivi hawezi kuachiwa bahari nzima mbele yake. Angekuwa na haki. Mama naye alijua. Alishakusanya buibui lake magotini kama mtu anayejiandaa kusimama, na uso wake wote ulikuwa umegeukia upande wa gati, umekubali.

Kaka akaniuliza kama kuna chakula kilichobaki.

Nilikimbilia kapu mpaka nikapindua mkeka wa watu. Bakuli dogo lilikuwepo, la jioni, samaki na mchicha na mkate wa mtama uliokunjwa mara mbili. Kaka alilipokea, akalifungua, akanusa, akasema limepikwa vizuri. Sijawahi kusikia neno hilo kwake kabla wala baadaye. Akamwambia Mama sharti limebadilika: safari ni yake, Mombasa ni yake, lakini hatoki mtu hapa mpaka bakuli hili limeliwa, na kila mlo ujao nitamtazama mdomo, si mkono, na likiletwa sinia niwaambie watu wazi kwamba mama yangu ni mgonjwa, wakinuna wanune. Mama wa Kiuyu, ambaye masikio yake yalikuwa karibu kuliko alivyojifanya, akasema yeye hatonuna, na akasogeza maji ya kunawa.

Kaka akamnawisha Mama. Akaliweka bakuli mapajani mwake. Mama akatutazama mmoja mmoja, akavunja kipande cha mkate, na kwa mazoea tu, sidhani hata alijua, akakisukuma upande wangu.

Kaka akakirudisha.

"Kula, Mama," akasema. "Sie tushashiba."

Honi ya kwanza ikalia. Baharia alipita akamwambia kaka ashuke au alipe nauli ya Mombasa, na kaka akamjibu kwamba meli itangoja, neno ambalo ningecheka siku nyengine yoyote. Hakushuka. Tulikaa kila mmoja upande wake, mimi na yeye, tukimtazama mdomo. Alitafuna samaki. Alimeza. Alichukua mchicha kwa kipande cha mkate, akatia chumvi, akalalamika kwamba nimepunguza pilipili. Mashine chini yetu zilianza kunguruma, mkeka mzima unatikisika. Mama alikula mpaka nusu ya bakuli, akapita nusu, akafika kwenye kipande cha mwisho cha samaki, akakitazama.

Halafu akainua mkono, akasema ameshiba, na mimi na kaka hatukuamini, tukamwambia aendelee.